Hatua ya Saba

Kazi yake ilikuwa kutazama watu wakivua nguo. Hivyo ndivyo walivyomtania pale hospitalini, na utani huo ulikuwa na ukweli wake, ila waliocheka hawakupenda kutaja upande wa pili: kwamba akizubaa kidogo tu, mtu anaweza kufa.

Kila siku alisimama nyuma ya mstari wa manjano, katika chumba kidogo cha saruji kilichotenganisha wodi ya homa na walio wazima. Mkononi alishika ubao wenye karatasi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee. Wauguzi na madaktari walitoka wodini mmoja mmoja, wamefunikwa kuanzia utosini hadi kwenye buti za mpira, wamelowa jasho mpaka ndani ya soksi, na yeye aliwasomea hatua kumi na mbili za kuvua. Nawa glavu. Subiri. Fungua aproni, nyuma kwanza. Subiri. Nawa tena. Kila hatua aliyoiona kwa macho yake aliiwekea alama ya vema. Mtu aliyekaa saa mbili ndani ya vazi lile hutamani kulichana alitupe mbali, na hapo kwenye haraka ndipo anapojigusa. Kwa hiyo neno lililomtoka mdomoni mara nyingi kuliko yote lilikuwa hilo moja, na wenzake wakambandika liwe jina lake: Subiri.

Kabla ya hapo alikuwa mfuaji. Miaka kumi na moja alifua mashuka ya hospitali hiyo, akisaidiana na mpiga pasi mmoja mwenye maneno mengi na sauti mbaya ya kuimba. Homa ilipoingia, yule mpiga pasi alivua glavu kwa meno, kama alivyozoea kuzivua siku zote mikono yake ikiwa imejaa mashuka. Hakuna aliyemwona. Au kama yupo aliyemwona, hakujua kwamba pale palikuwa na jambo la kuonwa. Siku kumi baadaye alizikwa na watu wanne wasiomjua hata kwa sura. Wakafuata wauguzi wawili, ndipo wakubwa wakazinduka, wakabandika karatasi ukutani na kutafuta mtu wa kutazama. Matroni, mkuu wa wauguzi, alimchagua mfuaji kwa sababu ndiye aliyekuwa akiziona sindano zilizosahaulika kwenye mikunjo ya mashuka.

"Wewe una macho," alimwambia. "Halafu huna papara."

Chini kabisa ya karatasi ile, kwa herufi nene, iliandikwa kanuni ambayo kila mtu aliijua kwa kichwa: Hatua isiyoonwa ihesabiwe imekosewa. Na aliyekosea alipelekwa nyumba ya kujitenga kwa siku ishirini na moja, apimwe joto asubuhi na jioni, asimguse mtu wala asiguswe.

Kwa miezi minne Subiri alikuwa amepeleka watu sita huko. Mmoja aliugua, akatibiwa mapema, akapona, na huyo alimpa mkono wa shukrani. Watano walitoka wazima kama walivyoingia, na hao ndio waliomchukia. Alipoingia kantini na sahani yake, watu mezani walikumbuka ghafla kwamba wana kazi. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Dada yake alimpigia simu kwa sauti ya asali, akamwomba asifike kwake mpaka hali itulie. Wapangaji wenzake walimpisha kwenye foleni ya bomba, jambo ambalo hawakuwahi kumfanyia hata alipokuwa amevunjika mguu. Alikuwa mpweke, tusizunguke mbuyu. Kuna jioni alifunga mlango wa chumba chake, akakaa kitandani, akasema "subiri" kwa sauti, ili tu chumba kisikie mtu.

Mtu mmoja tu hakuwa na habari na mambo hayo. Alikuwa muuguzi wa zamu ya asubuhi, mwanamke asiyefika miaka thelathini, mwenye mtoto wa miezi saba ambaye mapaja yake yalikuwa na mikunjo kama bangili zilizopangwa. Wodi nzima walimwita Mama Kibonge. Siku ya kwanza alikuja na sahani yake moja kwa moja kwenye meza ya Subiri.

"Shangazi, sogea nipumzishe mifupa."

"Huogopi kukaa na mimi?"

"Nimetoka kufuta matapishi ya watu kumi na wanne," alisema Mama Kibonge, akavuta kiti. "Wewe utanitisha na nini? Na hiyo kalamu ya uzi?"

Tangu siku hiyo walikula pamoja. Hawakuwa na undugu wowote, lakini neno "shangazi" likamkaa Subiri moyoni kana kwamba alizaliwa nalo. Kila siku alionyeshwa picha mpya za Kibonge kwenye simu, na kila siku alisema "amekuwa" hata kama ni yuleyule wa jana. Saa nane mchana zamu ikiisha, Mama Kibonge alivua, akaoga, akakimbia nyumbani na kifua kilichojaa. "Akinikosa saa tisa anaamsha mtaa," alikuwa akisema. Wauguzi walikuwa wachache, wala hakukuwa na wa kumbadilisha.

Na Subiri, aliyekuwa akiingoja saa nane ile kuliko alivyokubali hata mwenyewe, akaanza kulegeza jambo moja. Karatasi ilisema wakati wa kuvua aseme msomaji peke yake. Kwa wengine alikuwa mkali: "Kimya, tafadhali." Lakini yeye alimwacha Mama Kibonge apige soga kidogo. Neno hapa, kichekesho pale. Kosa lilianzia hapo, siku nyingi kabla halijaonekana.

Lilionekana siku ya Alhamisi. Mpuliza dawa, mzee mmoja mwenye mtungi mgongoni waliyemwita Bwana Pampu, alimpulizia Mama Kibonge klorini kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akatoka nje kujaza mtungi. Wakabaki wawili, mmoja upande huu na mwingine ng'ambo ya mstari. Hatua ya kwanza hadi ya sita zilikwenda sawa. Vema sita.

"Hatua ya saba," Subiri alisoma. "Inama mbele. Fumba macho. Shika mkanda wa miwani kwa nyuma."

"Ngoja kwanza, shangazi. Unamjua babu wa kitanda cha tisa?"

"Inama mbele."

"Nainama. Leo kamposa daktari."

"Daktari yupi?"

Swali hilo hakupaswa kuliuliza.

"Yule wa kitambi! Si unajua babu haoni vizuri, na sisi humo ndani wote tumefunikwa gubigubi? Kamshika mkono, kamwambia, 'Binti, siku tano nakuchunguza. Una mikono ya huruma. Nikipona nakuoa.' Daktari akamwambia, 'Mzee, mimi nina watoto sita.' Babu akafikiri weee, halafu akasema, 'Haidhuru. Nitawalea.'"

Kicheko kilichomtoka Subiri hakikuwa cha mtu mzima na heshima zake. Kilikuwa kimefungiwa miezi mingi na kilitoka chote kwa pamoja. Aliinama, akashika goti, macho yakajifumba yenyewe, machozi yakamtiririka. Ng'ambo ya mstari Mama Kibonge naye alikuwa hoi, mbavu hana. Ilikuwa sekunde tano, labda sita. Subiri alipoinua kichwa, miwani ilikuwa tayari ndani ya ndoo, na mkono wa kulia wa Mama Kibonge ulikuwa unashuka. Ulikuwa unashuka kutoka usawa wa uso.

Subiri akanyooka, akainua kiganja.

"Subiri," alisema. "Usiguse kitu. Mkono wako ulikuwa wapi?"

"Upi?" Mama Kibonge bado alikuwa anacheka.

"Wa kulia. Sasa hivi."

Mama Kibonge aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Glavu ya ndani ilikuwa bado inadondosha maji. "Nilikuwa nashika mkanda."

"Mkanda tu?"

"Ndiyo." Akautazama tena mkono. "Nadhani."

"Hukufuta machozi?"

Macho ya Mama Kibonge yalikuwa mekundu na yamelowa. Shavu la kushoto lilikuwa na mchirizi wa chozi. La kulia halikuwa nao, lakini uso mzima ulikuwa unachuruzika jasho, ungejuaje.

"Sijui, shangazi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nacheka."

Subiri alimwagiza anawe macho kwa maji safi, muda mrefu, kama karatasi ilivyosema. Kisha akamsomea hatua zilizobaki mpaka ya kumi na mbili. Aliweka vema zote isipokuwa moja. Kisanduku cha saba kilibaki kitupu.

Mama Kibonge alioga, akavaa gauni lake, akatoka. Subiri alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, ubao mapajani. Ilikuwa imepita saa nane na nusu, na kwenye gauni, kifuani, palikuwa pameanza kulowa maziwa. Bwana Pampu alikuwa amesharudi na mtungi wake, na habari alikuwa nazo, maana kuta za pale zilikuwa nyembamba.

"Weka vema basi, dada," alisema. "Mlikuwa wawili tu humo. Nani atakuja kukuhoji?"

Mama Kibonge hakumtazama. Alimchuchumalia Subiri. "Sikuombi uniandikie uongo, shangazi. Nakuomba uamini kwamba najua kuvua miwani. Nimevua mara mia mbili mbele yako."

"Najua unajua."

"Sasa?"

"Sikuona."

"Mtoto ana miezi saba. Hajawahi kulala hata siku moja bila mimi. Siku ishirini na moja, shangazi! Nikitoka huko maziwa yatakuwa yamekauka."

Subiri alijua hesabu hiyo. Alijua pia ile nyingine. Akiweka vema, saa tisa mtoto atawekwa ziwani, na kama kuna kilichoingia jichoni, siku moja kitamfikia naye. Asipoweka, mtu pekee duniani anayevuta kiti kuja kukaa naye hatakivuta tena. Alitaka kuweka vema. Tusimfanye malaika, kalamu ilishagusa karatasi. Lakini mkono ulikataa kuandika kitu ambacho macho hayakukiona. Miaka kumi na moja ya kutafuta sindano ilikuwa imeshamharibu.

Aliandika kwa herufi zake kubwa za mfuaji: *Sikuona. Nilikuwa nacheka.* Akatia sahihi.

Mama Kibonge alisimama taratibu. Alikunja mikono kifuani kuficha palipolowa, akasema, "Haya," akaenda mwenyewe kwenye nyumba ya kujitenga bila kusindikizwa.

Matroni aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, akairudia, kisha akavua miwani yake ya kusomea.

"Ungeniletea hii imejaa vema, ningeisaini bila kuisoma," alisema. "Hilo unalijua?"

"Nalijua, mama."

"Nimepoteza muuguzi wiki tatu. Sina mwingine." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na wewe ulimruhusu aongee kwenye mstari."

"Nilimruhusu. Nilikuwa napenda anavyoongea."

Subiri alitegemea kufukuzwa siku ileile. Kwa kweli alitamani afukuzwe, arudi kwenye mashuka yake ambayo hayakuwa na watoto. Matroni alimrudishia ubao. "Rudi kazini. Na kuanzia leo ni kimya, kwa kila mtu."

Nyumba ya kujitenga ilikuwa stoo ya zamani ya mafaili, yenye dirisha moja kubwa upande wa uani. Wageni walisimama nyuma ya kamba, hatua kadhaa kutoka dirishani. Subiri alikwenda kila siku baada ya kazi. Siku ya kwanza Mama Kibonge alimwona, akavuta pazia. Siku ya pili akavuta pazia. Siku ya tatu pazia lilikuwa limeshavutwa kabla hajafika, na alipozunguka nyuma ya nyumba, kupitia mlango uliokuwa nusu wazi, Subiri alimwona ameinamia ndoo, anajikamua. Maziwa yalikuwa yanadondokea ndani ya klorini. Subiri aligeuka akaondoka upesi, kifua kikimuuma kana kwamba ni chake kilichojaa.

Siku ya tano alimkuta mama mkwe wa Mama Kibonge kwenye kamba, amempakata mtoto. Mtoto alikuwa anamlilia mama yake dirishani, amenyoosha mikono yote miwili, na kule ndani mama yake alikuwa amebandika viganja kwenye kioo. Bibi yule aliangalia beji ya Subiri, akaangalia uso.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Bibi aliipokea shikamoo ile kwa ncha ya ulimi. "Hebu nieleze, nielewe. Ulimwona akijigusa?"

"Hapana, mama."

"Kwa hiyo hukuona kitu."

"Sikuona kitu."

"Basi si ungenyamaza."

Subiri alikuwa na maelezo yake. Alikuwa na karatasi nzima ya maelezo, na mpiga pasi aliyelala kaburini. Lakini mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyopasuka, na maelezo yote yakamwishia mdomoni. Alisema tu, "Pole, mama," akaondoka. Hakurudi tena kwenye kamba. Alisikia kwa wengine kwamba kufikia wiki ya tatu mtoto alikuwa halii tena dirishani. Aliletwa, akatazama ndege juu ya paa, akacheza na shanga za bibi yake.

Joto la Mama Kibonge halikupanda hata nukta. Siku ya ishirini na moja akapimwa damu, akaonekana mzima, akarudi nyumbani. Kibonge alimkataa siku mbili. Maziwa hayakurudi. Mambo hayo Subiri aliyapata kwa Bwana Pampu, aliyemsimulia akitazama pembeni.

Wiki iliyofuata Mama Kibonge alirejea kazini. Saa nane mchana alitoka wodini, akasimama ng'ambo ya mstari, jina lake limeandikwa kifuani kwa kalamu nene. Subiri alikuwa hajalala kwa kuiwaza saa hiyo.

"Hatua ya kwanza," alisoma. "Nawa glavu."

Mama Kibonge alinawa. Kisha akainua mikono yote miwili juu, mbele ya uso wa Subiri, vidole vimetanuliwa, akaishikilia hapo.

"Umeona?"

Subiri alishtuka. "Nimeona."

"Hatua ya pili?"

Aproni ikavuliwa. Mikono ikainuliwa. "Umeona?"

"Nimeona."

Mara kumi na mbili. Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya dharau. Ingekuwa hivyo, afadhali. Ilikuwa sauti ya mtu wa dukani anayehesabu chenji mbele ya mteja asiyemwamini. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Muuguzi mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaona, akafanya kama yeye, kwa kumwonea huruma mwenzake. Kisha wa pili. Baada ya siku kumi wodi nzima ilikuwa inainua mikono na kumuuliza Subiri kama ameona.

Matroni alikuja kusimama mlangoni asubuhi moja, akatazama watu watano wakivua. Alipoondoka alikuwa na furaha ambayo hakuna aliyemwona nayo kwa miezi. Hakuna aliyekuwa anaruka hatua. Hakuna aliyeendelea kabla hajajibiwa. Msomaji hakuweza kuzubaa hata akitaka, na mvuaji hakuweza kufanya haraka hata akichoka. Wiki hiyohiyo karatasi mpya ilibandikwa ukutani. Kila baada ya hatua, anayevua ainue mikono na kuuliza: Umeona? Msomaji ajibu: Nimeona. Pasiwe na neno lingine. Wageni kutoka hospitali nyingine walikuja na madaftari kunakili. Miezi miwili ikapita bila mtu hata mmoja kwenda nyumba ya kujitenga, na stoo ile ikarudishiwa mafaili yake.

Wakampongeza Subiri. Matroni alisimama kikaoni akasema utaratibu huu umeanzia kwenye uaminifu wa mtu mmoja, na watu wakapiga makofi, hata wale watano. Mama Kibonge pia alipiga makofi, matatu, akatazama saa yake. Subiri alikaa na mikono mapajani. Watu arobaini kwa siku, hatua kumi na mbili kila mmoja. Wote waliuliza kwa sababu karatasi iliwaambia, nao walikuwa salama kwa kuuliza, na yeye alifurahi kwamba wako salama, alifurahi kweli. Lakini kila swali lilimwingia palepale. Usiku aliwajibu usingizini.

Kantini siku hizi watu hawakumkimbia tena. Walimsalimia kwa heshima, wakapita. Mama Kibonge alikula meza ya dirishani na wauguzi wenzake, na wakati mwingine kutoka huko kilisikika kicheko ambacho Subiri angekitambua hata katikati ya soko.

Ilimchukua wiki nyingine nzima kupiga moyo konde. Nje ya chumba kile Mama Kibonge alimpita kama anayepita nguzo, na ndani ya chumba kanuni haikuruhusu neno. Subiri alipima maneno, akapunguza, akapunguza tena, mpaka akapata neno dogo kabisa ambalo lingeweza kupenya bila kumdhuru mtu.

Saa nane mchana ikafika. Vema sita. "Hatua ya saba," alisoma. Mama Kibonge aliinama mbele, akafumba macho, akashika mkanda kwa nyuma, akaivuta miwani taratibu, akaishusha kwenye ndoo bila tone kuruka. Akainua mikono, vidole vimetanuliwa.

"Umeona?"

"Nimeona, mwanangu."

Mikono ilibaki juu. Juu ya barakoa macho yalifumbuka, yakamtazama Subiri moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Alhamisi. Yalikuwa yamechoka, na hayakuwa na ubaya wowote.

"Jibu ni neno moja, afisa," alisema Mama Kibonge. "Umeona?"

Nyuma yake watu wanne walikuwa kwenye foleni, wamelowa, wanasubiri zamu yao.

"Nimeona," akasema Subiri, akaweka alama ya vema, akasoma hatua ya nane.